Cutlass Supreme ya 1972: nimekaa nayo mwaka wa sita, nakujibu

Mkuu, umeuliza kama ile Oldsmobile Cutlass Supreme ya 1972 uliyoonyeshwa huko Columbus ni gari ya kuendesha kweli au ni pambo la kupigia picha, na ukasema shemeji anaiita chuma chakavu. Mimi niko Lansing, Michigan, mji uliokuwa makao ya Oldsmobile yenyewe, na yangu ni ya mwaka huo huo. Niliinunua kwa mzee jirani, mstaafu wa kiwandani. Alinikatalia mara mbili. Mara ya tatu nilikwenda na sahani ya mandazi, tukaelewana.

Jibu fupi: inunue, ila usiinunue kwa sababu ya mbio.

Kilichonivuta kwanza ni umbo. Boneti ndefu, buti fupi, na lile paa la Supreme ambalo kioo chake cha nyuma kimesimama karibu wima. Ndugu yake, Cutlass S ya miaka ileile, paa lake linateremka taratibu mpaka kwenye buti, na vijana wengi huipenda hiyo. Mimi naona hii iliyosimama ina heshima zaidi, kama mtu aliyevaa kanzu na koti juu. Halafu shusha vioo vyote vinne uone: hakuna nguzo katikati. Kutoka kioo cha mbele mpaka cha nyuma ni uwazi mmoja, upepo unapita kama uko barazani. Bodi mpya iliyokuja 1973 ilirudisha nguzo, kwa hiyo hii ya 1972 ndiyo ya mwisho ya namna yake. Ukiiona imeegeshwa vioo vikiwa juu, hujaiona.

Raha ya kuikalia ndiyo watu hawaisemi vya kutosha. Barabara za Michigan baada ya baridi ni mashimo matupu. Hii gari ina chasisi yake peke yake, bodi imekalishwa juu yake kwenye mipira, na springi za koili mbele na nyuma. Unaliona shimo, unajikaza, halafu unasikia tu "pwu" kwa mbali kama limempata jirani. Mama alipotutembelea kutoka Tanga nilimpeleka Detroit nayo, maili kama tisini. Alikaa mbele, kwenye kile kiti kirefu kama kochi, kikombe cha chai mkononi. Kwenye gari yangu ya kazini huwa anashika mlango njia nzima. Humu hatujafika Howell kichwa kimeshaanguka pembeni, kikombe nikakipokea mimi huku nimeshika usukani kwa kidole kimoja. Na kweli kidole kimoja kinatosha, usukani ni mwepesi kupita kiasi. Ubaya wake haukuambii tairi zinafanya nini huko chini. Kwenye kona usijifanye dereva wa mashindano.

Sasa injini. Ni Rocket 350, V8 ya lita 5.7, yangu ina kabureta la matundu manne. Utasoma mtandaoni kwamba ya 1970 ilikuwa na nguvu ya farasi 310 na hii ina 180 tu, na watu watakwambia imehasiwa. Nusu ya maneno hayo ni ya kweli. Mwaka 1971 General Motors, wenye Oldsmobile, walishusha kompresheni (mbano wa hewa na petroli ndani ya silinda) ili injini zao ziweze kunywa petroli isiyo na madini ya risasi, na hapo nguvu ilipungua kweli. Lakini mwaka 1972 walibadilisha hata namna ya kupima: zamani walipima injini tupu juu ya benchi, sasa wakaipima ikiwa imefungwa bomba la moshi, kisafisha hewa na mazagazaga yake yote. Sehemu kubwa ya farasi "waliopotea" walipotea kwenye karatasi.

Barabarani ni hivi. Ukikanyaga kawaida, kabureta linatumia matundu mawili madogo ya mbele na gari inanong'ona tu. Kanyaga mpaka sakafuni: yale mawili makubwa ya nyuma yanafunguka, pua inanyanyuka, na ule mnong'ono unageuka mngurumo unaousikia kifuani kabla ya masikioni. Gia ni otomatiki ya hatua tatu basi, kwa hiyo kwenye maili 70 injini inaimba, haipumziki. Mafuta? Yangu inakwenda maili 13 kwa galoni, yaani kilomita tano na nusu kwa lita. Shemeji usimwambie kabla hajapanda.

Breki ndipo nilipoumia. Yangu ilikuja na dramu magurudumu yote manne. Jioni moja ya mvua natoka barabara kuu, nikakanyaga, gari ikavuta kushoto kama imeshikwa sikio. Nilisimama inchi chache kutoka kwenye kingo. Gereji moja ikanibadilishia viatu vya breki na kunitoza pesa ndefu, wiki mbili baadaye hali ileile. Yule mzee jirani ndiye aliyefungua gurudumu akanionyesha silinda ya breki inavuja. Baadaye nilifunga diski mbele, na wewe iweke kwenye bajeti yako tangu mwanzo. Wapo walioziagiza diski tangu kiwandani, angalia kama umebahatika.

Ukienda kuikagua, injini iache mwisho. Injini inatengenezeka, kutu inakula pesa mpaka uchoke. Kama paa limevikwa vinili, bonyeza kwa kidole chini ya kioo cha nyuma, maana maji hujificha humo na kuoza bati miaka na miaka. Inua zulia la buti. Chukua sumaku ya friji upitishe juu ya matairi ya nyuma. Ikiteleza, hapo kumepigwa puti. Hakikisha pia injini ni ya Oldsmobile, kwa sababu Chevrolet, Buick na Pontiac nao walikuwa na 350 zao, tofauti kabisa. Ya Olds ina bomba la kumiminia oili limesimama mbele ya injini. Na kuanzia 1972, alama ya tano kwenye namba ya gari inataja injini iliyotoka nayo kiwandani.

Ya kila siku? Mei mpaka Oktoba, ndiyo, mimi huenda nayo hata kazini. Siku wakimwaga chumvi ya kwanza ya kuyeyusha barafu barabarani, inaingia gereji na haitoki mpaka mvua za Aprili zioshe lami.

Nenda Jumamosi asubuhi, siku iliyofuata mvua ikiwezekana. Ukifika kwenye majaribio, shemeji akae mbele, na vioo vyote vinne vishuke.