Nani Anachochea Kuni Chini ya Menengai?

SWALI: Mwalimu, salamu. Juzi nilimpeleka mjukuu wangu kwenye kreta ya volkano ya Menengai. Alipoona mvuke unapaa kutoka kule chini akaniuliza, "Shosho, nani anachochea kuni huko?" Nikakosa la kusema. Na kama dunia ilikuwa moto tangu zamani, mbona haijapoa?
Shosho wa Kiamunyi, Nakuru

JIBU: Mwambie hakuna kuni, na wala si moto. Moto hutaka hewa. Kule ni joto tu.

Karibu nusu yake ni kiporo. Dunia ilifinyangwa miaka bilioni 4.5 hivi iliyopita kwa mawe kugongana na kushikana, chuma kizito kikazama katikati, na joto la purukushani ile likabaki ndani. Chai ya kikombe hupoa kabla hujamaliza andazi, lakini sufuria ya githeri ya harusi huamka asubuhi ikiwa bado na fukuto. Sasa fikiria sufuria ambayo kutoka juu hadi kitovuni ni kilomita 6,371.

Nusu nyingine ya joto huzaliwa upya kila siku. Amka alfajiri, ingiza jembe kwenye rundo la samadi nyuma ya boma. Mvuke utakupiga usoni, na hakuna aliyewasha kiberiti. Kwenye samadi kazi ni ya vijidudu. Kwenye mwamba ni ya atomi za urani, thori na aina moja ya potasiamu, ambazo huvunjika zenyewe na kutoa joto. Ni kidogo mno, jiwe ukilishika husikii kitu, ila mawe ya dunia nzima si haba. Na urani haina haraka: ile ya aina iliyo nyingi zaidi huchukua miaka bilioni 4.5 kupungua nusu.

Sisi wa Bonde la Ufa tuko karibu na jiko, maana hapa ardhi inavutwa pande mbili na kuwa nyembamba. Menengai wachimbaji walikutana na mwamba ulioyeyuka kwenye kilomita mbili hivi tu. Olkaria mvuke umekuwa ukizalisha umeme tangu 1981. Taa ya jikoni kwako yaweza kuwa inawaka kwa joto hilohilo. Chini kabisa, kuelekea kitovuni, chuma kilichoyeyuka kinazunguka na kuipa dunia usumaku, ule unaogeuza sindano ya dira na kutukinga na chembe kali za jua.

Likizo ijayo mpeleke Eburru, aone wenyeji wanavyotega mvuke kwa mabomba hadi upoe uwe maji. Asiuguse. Mimi niliwahi kujifanya mtaalamu pale, nikarudi darasani na kidole kimefungwa bandeji.