Mtoto hapati choo vizuri: kabla ya kukimbilia maji, angalia haya

Siku zilizopita bila choo si kipimo kizuri. Kipimo ni choo chenyewe kinavyotoka. Mtoto anayenyonya maziwa ya mama peke yake, akishavuka wiki sita hivi, anaweza kumaliza hata wiki nzima nepi ikiwa safi, kisha akatoa choo laini cha njano, kingi, na maisha yakaendelea. Huyo hana tatizo, maana maziwa ya mama huacha mabaki machache sana tumboni. Vivyo hivyo kichanga anayejikamua na kulia kama dakika kumi, halafu kikatoka choo laini: bado anajifunza kusukuma na kulegeza njia kwa wakati mmoja. Hali hiyo hupita yenyewe, na kumtia kitu njia ya haja kubwa humchelewesha tu kujifunza.

Choo kigumu ni vidonge vikavu kama vya mbuzi, au donge nene linalomliza mtoto, pengine lenye michirizi ya damu kwa nje kwa sababu njia imechanika kidogo. Hicho ndicho tunachokizungumzia, na dawa yake hutegemea umri kuliko kitu kingine chochote.

Chini ya miezi sita ndipo ushauri wa majirani unapoharibu kazi. Joto la Dar es Salaam au Mombasa likikolea mwezi wa pili, hakosekani wa kusema mtoto ana kiu, mpeni maji walau kijiko. Maziwa ya mama ni maji kwa karibu asilimia 88, na Shirika la Afya Duniani linashauri maziwa hayo pekee kwa miezi sita ya mwanzo hata penye joto kali. Maji hujaza tumbo dogo, mtoto ananyonya kidogo, na maziwa ya mama nayo yanapungua. Yakiwa machafu humletea kuhara. Yakiwa mengi huzimua chumvi ya damu mpaka mtoto anaweza kupata degedege. Kiu ya mtoto huyu huondolewa ziwani: mara 8 hadi 12 kwa saa 24, usiku ukiwemo, na siku za joto hata zaidi ya hapo.

Utajuaje kama anapata maji ya kutosha? Hesabu nepi. Baada ya wiki ya kwanza ya maisha zitarajiwe nepi sita au zaidi zilizolowa kwa siku, mkojo ukiwa wa rangi hafifu usionuka sana. Pampasi hudanganya kwa kuwa hunyonya na kubaki kavu juu. Chukua moja mpya, mimina vijiko vitatu vya mezani vya maji, uipime uzito mkononi. Hivyo ndivyo nepi iliyolowa sawasawa inavyokuwa.

Kwa anayetumia maziwa ya kopo, chunguza mchanganyiko kabla ya kulaumu tumbo. Makosa mawili ndiyo yanayojirudia. La kwanza ni kujaza kijiko kwa mlima ili mtoto ashibe na alale. La pili ni kutia unga kwanza, kisha maji mpaka kwenye mstari: unga unachukua nafasi, maji yanapungua, maziwa yanakuwa mazito na choo kinakauka. Chemsha maji, yaache yapoe kwa muda usiozidi nusu saa ili yabaki na moto wa nyuzi 70 au zaidi wa kuua vijidudu vya kwenye unga. Pima maji kwenye chupa kwanza. Kisha tia unga kwa kijiko cha kopo hilohilo, kikisawazishwa kwa mgongo wa kisu bila kushindilia. Makopo mengi huelekeza kijiko kimoja kwa mililita 30, lakini soma lako, kwani yapo yanayotofautiana. Tikisa, poza chupa kwenye maji baridi, jaribu tone kwenye kifundo cha mkono. Kuzimua maziwa ili kopo lifike mwisho wa mwezi ni hatari ya upande wa pili: mtoto anadhoofu. Mchanganyiko ukiwa sahihi na choo bado kigumu, nenda kliniki usikie wanasemaje, usijiongezee maji kwa kukisia.

Kuanzia miezi sita choo hubadilika hata kwa mtoto mzima kabisa. Hapa lawama nyingi huangukia uji wa lishe, na mara nyingi si haki. Kinachotokea ni kwamba uji umechukua nafasi ya ziwa. Mtoto wa miezi sita huanza na vijiko viwili vitatu, mara mbili au tatu kwa siku. Anayemaliza bakuli kubwa mara nne na kunyonya mara mbili amepoteza maji mengi kuliko kikombe kinavyoweza kurudisha. Katika miezi hii ya mwanzo mnyonyeshe kwanza, uji ufuate. Wala usiuzimue uji ili apate maji. Uji unaofaa hukaa kwenye kijiko bila kumwagika. Ule wa kunywa hujaza tumbo bila nguvu. Maji mpe kando.

Kiasi chake? Kati ya miezi 6 na 12, mililita 120 hadi 240 kwa siku zinatosha, sawa na vikombe vidogo vya kahawa viwili hadi vinne. Kwa jumla mwili wake unahitaji kama mililita 800 za maji, lakini sehemu kubwa hutoka kwenye maziwa na chakula. Wiki za mwanzo ameze fundo mbili tatu tu.

Tumia kikombe cha wazi. Chupa ni kazi kuisafisha. Mkalishe wima, tia maji ya kufunika kitako cha kikombe, gusisha ukingo kwenye mdomo wa chini, usubiri avute mwenyewe. Ukimmiminia atapaliwa, na aliyepaliwa leo atakikataa kikombe kesho. Mpe katikati ya chakula, akiamka mchana, akitoka kutambaa juani, ila si muda mfupi kabla ya kunyonya. Akigoma, jaribu maji ya uvuguvugu, au kunywa naye ukiwa umemkabili, maana watoto huiga. Sukari, glukosi, soda na juisi za pakiti hazina nafasi hapa. Chai pia, hata ya maziwa: huzuia madini ya chuma yasifyonzwe.

Upande wa chakula, papai bivu ndiyo silaha ya kwanza, vijiko viwili vitatu vya kuponda asubuhi na jioni. Parachichi, embe na chungwa lililotolewa mbegu na ngozi husaidia pia. Ndizi ni mbivu yenye madoa. Ndizi mbichi za kuchemsha zipumzishe kidogo. Unga wa dona ni bora kuliko sembe, na maharage yapondwe pamoja na maganda. Mchicha, matembele au mlenda viwe kwenye chakula kila siku. Lakini mboga na maganda bila maji huzidisha donge, kwa hiyo viende pamoja. Vyakula hivi vipe siku tatu nne kabla ya kusema havijasaidia.

Kukanda tumbo kwa mwendo wa saa kuzunguka kitovu na kuchezesha miguu kama anayeendesha baiskeli huleta nafuu. Lakini si mara tu baada ya kula.

Kipande cha sabuni, hapana. Magadi yake huunguza utando laini wa ndani. Bomba la mitishamba, dawa za mchango na mafuta ya mbarika, hapana. Asali kabla ya mwaka mmoja ni marufuku, kwani inaweza kubeba vijidudu vya sumu inayolegeza misuli, na dalili yake ya mwanzo huwa ni huohuo ukosefu wa choo. Daktari anaweza kuandika laktulosi, dawa ya kulainisha choo, kulingana na uzito. Kosa la wengi ni kuiacha siku choo kinapolainika. Mtoto aliyeumia hubana choo kwa hofu, kinakauka tena, na mzunguko unaanza upya. Acheni pale daktari anaposema.

Akivuka mwaka, angalia maziwa ya ng'ombe. Kama nusu lita kwa siku inatosha. Anayekunywa lita nzima hali chakula, hufunga choo na huishiwa damu.

Usingoje kesho mtoto akitapika rangi ya kijani, tumbo likivimba na kukaza, akikataa kunyonya, akilegea, utosi ukibonyea, au akikaa saa nane bila mkojo. Kichanga ambaye hakutoa choo cha kwanza ndani ya saa 48 tangu azaliwe naye achunguzwe, hata kama sasa anapata, kwa sababu yapo matatizo ya utumbo ya kuzaliwa nayo. Nenda na kadi ya kliniki, kopo la maziwa na kijiko chake, na picha ya choo kwenye simu. Picha hiyo humweleza daktari zaidi ya maelezo ya mdomo.