Kabla hujauliza bei, uliza funguo anashika nani

Wadogo zangu mnaoanza kununua sarafu za kidijitali, kila mnapokuja dukani kwetu Darajani swali lenu la kwanza ni bei. La kwangu ni funguo, yaani siri inayomruhusu aliye nayo kuzitoa sarafu hizo: anazishika nani?

Mwaka 2022 nilikuwa na dola 340 kwenye soko moja la mtandaoni la kununulia na kuuzia sarafu hizi, ambalo funguo linashika lenyewe. Asubuhi moja nikabonyeza kutoa pesa, kikawa kiduara kinazunguka tu. Kikazunguka mpaka adhana ya adhuhuri. Salio lilikuwa pale pale, tarakimu zote zimekaa. Kumbe nilichokuwa nacho ni namba iliyoandikwa kwenye daftari la mtu mwengine, na mpaka leo sijalipwa. Pa kushitaki sikupaona, maana Benki Kuu ya Tanzania ilishatangaza tangu Novemba 2019 kuwa sarafu hizi hazitambuliki kisheria nchini.

Wakubwa kuliko mimi walilia pia. Mt. Gox, soko la bitcoin la Tokyo, lilipoanguka 2014, bitcoin kiasi cha 850,000 hazikuonekana. Soko jingine, FTX, likafuata Novemba 2022, na mwanzilishi wake, Sam Bankman-Fried, akafungwa miaka 25. Bitcoin yenyewe haikuvunjwa mara zote mbili. Watu walikuwa wamempa mtu mmoja awawekee.

USDT na USDC, sarafu zilizofungwa na thamani ya dola, ambazo wengi wenu mnazipenda kwa kuwa hazipandi wala kushuka ovyo, zina jambo lake. Hata funguo ukishika mwenyewe, kampuni inayozitoa inaweza kuigandisha anwani yako, yaani pale sarafu zako zinapokaa kwenye mtandao. Agosti 2022 Circle, kampuni inayotoa USDC, iligandisha USDC zilizokuwa kwenye anwani za Tornado Cash, huduma ya kuchanganya sarafu ili zisijulikane zilikotoka, baada ya Marekani kuiwekea vikwazo. Nguvu hiyo huwakamata wezi, nakubali. Lakini siku ukigandishwa kwa makosa, utabisha hodi mlango gani?

Kwa hiyo za matumizi ya wiki ziacheni sokoni mkitaka. Akiba ni kama kibubu, inakaa chumbani kwako. Fungua pochi yako mwenyewe, yaani programu ya simu ambayo funguo zake unashika wewe. Itakupa maneno 12 au 24 yanayorudisha funguo zako, na atakayeyapata ndiye mwenye pesa. Usiyapige picha, usijitumie WhatsApp. Yaandike kwa penseli, maana wino wa kalamu huchujuka kwa unyevu wa kwetu. Karatasi yangu ya kwanza neno la saba lilikuwa halisomeki tena. Nakala ya pili niliiweka kwenye kasha la bibi. Jaribu kwanza na pesa ya urojo: ifute pochi kwenye simu, uirudishe kwa maneno yale, uone kama imerudi.