Maswali ya Wasomaji: Kifaransa Shuleni, Wanafunzi Wafike Kusema

Barua za safari hii zimetoka kwa walimu na wazazi wa shule za sekondari za Tanzania zinazofundisha Kifaransa. Wanaofundisha Kiarabu au Kichina nao watakuta humu mengi yanayowahusu.

Nina wanafunzi 48 wa kidato cha pili. Mazoezi ya sarufi wanafanya vizuri, lakini nikiwauliza jambo kwa Kifaransa wananyamaza. Nifanyeje?
*Mwalimu, Morogoro*

Piga hesabu kwanza, mwalimu. Kipindi ni dakika 40. Hata ukimwita kila mwanafunzi mmoja mmoja bila wewe kutamka neno, kila mtoto anapata sekunde 50. Toa muda wa kuita mahudhurio, kufuta ubao na kusahihisha, inabaki sentensi moja kwa kila mtoto, pengine hata hiyo haifiki. Atazoeaje kusema?

Tenga dakika 10 za kila kipindi kwa mazungumzo ya wawiliwawili, wakiwa pale pale walipokaa. Andika ubaoni maswali manne au matano, kama *Tu habites où ?* (Unaishi wapi?) na *Tu te lèves à quelle heure ?* (Unaamka saa ngapi?) Dakika 2 onyesha mfano na mwanafunzi mmoja mbele ya darasa. Dakika 3 wa kushoto amuulize wa kulia, dakika 3 wabadilishane. Dakika 2 za mwisho ita wawili watatu, kila mmoja aeleze habari za mwenzake. Hapo atalazimika kutoka kwenye *je* (mimi) kwenda *il* au *elle* (yeye), na sarufi uliyoifundisha inapata kazi.

Wanapoongea, usimkatize mtu. Pita katikati ya madawati na karatasi, andika makosa matatu yaliyojirudia, uyasahihishe ubaoni mwishoni. Zoezi hili huharibika pale maswali yanapokuwa na maneno mengi mageni: watoto wanakwama, wanahamia Kiswahili. Maneno mapya yasizidi mawili. Kelele zitakuwepo, kwa hiyo mwarifu mapema mwalimu wa darasa la jirani.

Na matamshi yasisubiri kidato cha nne. Sauti ya *u* kwenye *tu* huwasumbua wengi, wanaitamka kama *tout*, yaani kama "tu" ya Kiswahili. Waambie waanze na "i" ya "sita", waishikilie, kisha waviringe midomo kama wanaotaka kusema "u" huku ulimi haujasogea. Dakika moja kila siku kwa wiki mbili, wengi wataipata.

Tulikuwa na Kifaransa, mwalimu akahamishwa, somo likafa. Sasa tumepata mwalimu mmoja na bodi inataka vidato vyote vinne vianze mara moja. Mnashauri nini?
*Mkuu wa shule, Kigoma*

Tafadhali msifungue vyote. Anzeni na kidato cha kwanza, mkondo mmoja, somo lipande pamoja na wanafunzi hao. Kwa vipindi vinne kwa wiki, mwalimu atakuwa na vipindi 4 mwaka wa kwanza, 8 wa pili, na 16 utakapofika wa nne. Hivyo anavimudu. Mkiwa na mikondo miwili, mwaka wa nne ni vipindi 32, na bado kuna madaftari ya kusahihisha na mitihani ya kutunga. Akishazidiwa, atabaki kunakilisha notisi ubaoni. Na mwanafunzi anayeanzia kidato cha tatu anaingia mtihani wa taifa akiwa na nusu ya muda wa wenzake.

Mwombeni mwalimu wa taaluma avitawanye vipindi hivyo siku nne tofauti. Vikirundikwa siku mbili, katikati kunakuwa na siku kadhaa za kimya na maneno yanapotea. Tena Kifaransa kisipangwe wakati mmoja na Fizikia au Kemia, maana mtoto akilazimishwa kuchagua, mnajua ataacha lipi.

Kuhusu uhamisho: ofisi ya taaluma itunze faili la somo lenye azimio la kazi lililowekwa alama kwenye mada zilizokwisha, mitihani ya ndani na majibu yake, pamoja na flashi ya sauti za kusikiliza. Mwalimu akihama Julai, anayekuja aendelee na mada ya Agosti.

Ninyi wa Kigoma mna neema moja ambayo shule nyingi hazina: ng'ambo ya mpaka, Burundi, Kifaransa ni lugha ya shule na ofisi. Tafuteni msemaji mmoja aje mara moja kwa muhula, dakika 20, wanafunzi wakiwa wameandaa maswali.

DELF ni nini, na mwanafunzi wa kidato cha nne aombe ngazi ipi?
*Mwalimu, Arusha*

Ni cheti cha Kifaransa cha wizara ya elimu ya Ufaransa, chenye ngazi nne kuanzia ya chini, A1, A2, B1 na B2, na hakiishi muda. Kila ngazi ina sehemu nne: kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza, kila moja alama 25. Kufaulu ni 50 kwa 100, ila ukipata chini ya 5 kwenye sehemu yoyote umeanguka, hata jumla iwe kubwa. Wanafunzi wetu huponzwa na kusikiliza. Kwa wengi A1 au A2 inatosha; mpe kwanza jaribio kamili la sehemu zote nne. Tarehe na ada ulizia Alliance Française, kituo cha lugha na utamaduni wa Kifaransa.

Sijui Kifaransa hata kidogo. Nawezaje kumsaidia binti yangu nyumbani?
*Mama, Tanga*

Dada, fungua daftari lake la msamiati. Kila jina la kitu liwe na *le*, *la*, *un* au *une* mbele yake. Akiandika *table* peke yake, mrudishe aandike *la table*. Asipolishika neno pamoja na kitangulizi chake, kinachoonyesha kama ni la kiume au la kike, baadaye atakosea vivumishi vyote vinavyolifuata. Kisha akusomee kwa sauti dakika 10 kila jioni, aya ile ile siku tatu mfululizo. Siku ya kwanza atasitasita. Ya tatu, akiwa bado anakwama mahali pale pale, pigia mstari neno hilo alipeleke kwa mwalimu kesho yake.