Majeraha ya T'Challa na boksi la mjomba

Wiki iliyopita kijana mmoja wa Mwanza aliniandikia: "Shikamoo kaka. Kitabu chako nimekiona. Na mimi nachora, ila kila nikimaliza hadithi naiona nyepesi. Nisome nini?"

Kitabu anachokisema ni komiki yangu ya kwanza. Kurasa 48, imetoka baada ya miaka kumi na moja ya kuhangaika, na najivunia kila ukurasa. Lakini jibu la swali lake lilikaa miaka mingi chini ya kitanda cha mjomba wangu Tanga, ndani ya boksi la sabuni, nami nililidharau.

Mjomba alikuwa baharia. Wenzake walirudi na redio na vitambaa. Yeye alirudi na redio, vitambaa, na komiki za mashujaa alizonunua mitumba bandarini. Utotoni nilizipenda. Nilipofika sekondari nikaziona za kizee: karatasi imegeuka rangi ya chai, rangi zenyewe nukta nukta, watu wanaongea kuliko wanavyopigana. Siku moja akaniuliza, "Mjomba, zile umezimaliza?" Nikamjibu, "Nimeshakua, mjomba." Hakusema neno. Akalisukuma boksi chini ya kitanda.

Mwaka 2014 nilipeleka kurasa 30 kwa mchapishaji mmoja Dar es Salaam. Alizifunua akiwa amesimama, kikombe cha chai mkononi. "Shujaa wako anapiga tu, hapigwi," akasema. "Sasa msomaji amhofie kwa lipi?" Kurasa zangu zilirudi na alama ya kikombe juu ya ukurasa wa kwanza. Maneno yake yalikuwa kweli. Ile alama ya kikombe ndiyo inayoniuma mpaka leo. Nilikaa zaidi ya mwaka bila kugusa kalamu.

Mjomba alipofariki, boksi nikaachiwa mimi. Usiku wa kuamkia arobaini nikalifungua, nikakuta matoleo manne ya Jungle Action, komiki ya zamani ya kampuni ya Marvel ya Marekani, yenye hadithi za shujaa Black Panther.

Watu wengi wanamjua Black Panther, yaani mfalme T'Challa, kwa filamu ya 2018. Wachache wanajua kwamba adui yake Killmonger na yale maporomoko ya maji anakotupwa T'Challa vilitoka kwenye gazeti hili dogo lililokuwa likitoka kila baada ya miezi miwili. Jungle Action ilianza kwa kurudia hadithi za zamani za Wazungu wanaotawala misitu ya Afrika. Don McGregor alikuwa msahihishaji pale Marvel. Kazi yake ilikuwa kuzisoma hadithi hizo, na zikamkera. Alipopewa nafasi ya kuandika, akaleta "Panther's Rage", hadithi moja ndefu kutoka toleo la 6, Septemba 1973, hadi la 18, Novemba 1975. Karibu wahusika wote ni watu weusi, nchi yao Wakanda, nchi ya kubuni ya Afrika. Rich Buckler alianza kuichora. Baadaye akaja Billy Graham, mwenyewe Mmarekani mweusi, na mkono wake ndio ninaoupenda zaidi.

Toleo la 6 linaanza na mzee anayeteswa na wafuasi wa Killmonger. T'Challa anafika, anawashinda, na mzee anamfia mikononi. Mfalme ameshinda pambano na amechelewa! Nilisimama hapo nikasoma tena. Mwisho wa toleo hilohilo Killmonger anamwinua na kumtupa kwenye maporomoko.

Kuanzia hapo mwili wa T'Challa hauponi. Nguo inachanika na inabaki imechanika. Jeraha la toleo moja unalikuta toleo linalofuata. Katika la 15 anafungwa kwenye miiba, na Graham hakuificha hata mmoja. Nilikumbuka shujaa wangu wa 2014, aliyeanguka ghorofa ya tisa akasimama akikung'uta suruali.

Tukio lililonibadilisha zaidi halina ngumi kabisa. Venomm, mtu wa nyoka, Mzungu aliyeunguzwa uso kwa tindikali, anakamatwa na kufungwa. Taku, msaidizi wa mfalme, anakwenda kukaa naye na kuzungumza naye, matoleo na matoleo, mpaka wawili hao wanakuwa marafiki. Nani kati yetu anampa adui muda wa namna hiyo?

Na mwisho wake! Killmonger amemzidi nguvu T'Challa palepale kwenye maporomoko. Anayemsukuma Killmonger akaanguka ni Kantu, mtoto aliyempoteza baba yake katika vita hivyo. Mfalme anaokolewa na yatima.

Sisemi kila kitu ni kizuri. McGregor anajaza maneno mpaka picha zinakosa pumzi, na dinosaria wake ningewaacha. Hadithi iliyofuata, ya Panther na Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, huko Georgia, Marekani, ilikatizwa katikati mwaka 1976 gazeti lilipofungwa. Kila nikifika toleo la 24 roho inaniuma.

Kwa hiyo, mdogo wangu, rudi nyuma. Acha kukimbilia kilichotoka jana. Hadithi hii imekusanywa kitabu kimoja, na kwenye intaneti inapatikana pia. Soma toleo moja kwa wiki, siyo yote usiku mmoja. Fremu ikikukaa moyoni, ichore upya kwa penseli, kwa mkono wako, usipige picha kwa simu. Mimi nilimchora yule mzee wa toleo la 6 mara kumi na saba ndipo nikagundua kwamba uzito wote uko kwenye kichwa cha T'Challa kilichoinama. Rudi nyuma, nakwambia tena. Mpige shujaa wako, kisha mwache na jeraha lake. Tunataka kuchora wakubwa huku tunadharau waliotutangulia, na dharau hiyo inaonekana kwenye kurasa zetu. Yangu ilionekana.

Kwenye kitabu changu, ukurasa wa 31, kuna baharia mzee anayesukuma boksi chini ya kitanda bila kusema neno. Wasomaji watatu wameshaniuliza ndani ya boksi mna nini.

Toleo la 8 bado sina. Ukiliona kwenye meza ya mitumba huko Mwanza, lishike kwanza, kisha niandikie.