Hofu haina mama: neno "pander" kwa mnaoanza kutafsiri

Nilipokuwa mgeni katika kazi hii nilipewa makala ya Kiingereza kuhusu mwanasiasa, na ndani yake kitenzi pander, kikifuatiwa na hofu za wapiga kura. Kamusi ikaniambia ni kumpa mtu anachokitaka. Nikaandika "anadekeza hofu za wapiga kura." Mhariri akanirudishia ukurasa na swali moja pembeni: hofu ina mama?

Nilinuna siku nzima. Lakini kudekeza kwetu kuna mapenzi: bibi anamdekeza mjukuu, nasi tunamlaumu huku tunacheka. Anayepander anatafuta chake.

Neno lenyewe limetokana na jina la mtu. Katika Iliad, utenzi wa kale wa Kigiriki wa Homer kuhusu vita vya Troy, Pandarus ni mpiga upinde wa upande wa Troy, anayevunja mapatano ya kusitisha vita kwa kumpiga mshale Menelaus, mfalme wa upande wa Wagiriki. Mambo ya mapenzi hayamhusu hata kidogo. Ni Boccaccio, mwandishi wa Italia, katika karne ya 14, aliyemfanya mshenga wa siri. Chaucer, mshairi wa Uingereza, akamgeuza kuwa mjomba wa mwanamke anayetakwa. Halafu Shakespeare, mnamo 1602 hivi, katika tamthilia ya Troilus and Cressida, akamfanya atamke mwenyewe kwamba washenga wote wa aina hiyo waitwe kwa jina lake. Kwa hiyo mkilikuta kama nomino, andikeni kuwadi. Najua mnaona haya. Andikeni tu.

Kitenzi nacho hakijaoga kikatakata. Katika tamthilia nyingine ya Shakespeare, Hamlet anapomkaripia mama yake, analalamika kwamba akili imekuwa kuwadi wa matamanio. Hapo tazameni anayetumikiwa: si mtu, ni udhaifu wake. Ndiyo maana neno hili hupenda kufuatwa na chuki, tamaa, woga, majivuno. Likifuatwa na watu, kwa mfano mwandishi na wasomaji wake, ulizeni ni udhaifu wao upi unaokunwa. Mara nyingi "anawaandikia wanachotaka kusikia" inatosha, na kwa bosi au wakubwa kuna kujikomba na kurairai.

Yule mwanasiasa wangu nilihangaika naye hadi usiku. Mwisho nikaandika: "anawauzia wapiga kura hofu yao wenyewe." Mhariri aliipitisha, ila koma yangu moja akaifuta.