Video za Utulivu kwa Wanafunzi Wanaoukaribia Mtihani

Nimekuwa mlezi wa bweni la wasichana huku Rungwe kwa miaka kadhaa, na kila ifikapo Oktoba huitambua hofu ya mtihani wa kidato cha nne kabla wenyewe hawajaitamka: sahani hurudi jikoni na chakula, wengine hulalamika tumbo, na usiku wa manane nakuta tochi inawaka chini ya blanketi huku daftari likiwa wazi kwenye ukurasa ule ule wa saa moja iliyopita.

Nasaha zangu hazikuwafikia. Kilichowafikia ni video ya dakika 10 niliyoirekodi kwa simu yangu, ikionesha mashamba ya chai alfajiri na ukungu ukipanda taratibu kutoka bondeni, bila muziki wala maneno. Niliionesha kwa projekta ukutani mwa bwalo kabla ya prepo, yaani masomo ya usiku. Mwanzoni walisukumana na kucheka. Baada ya muda nikaona mabega ya msichana mmoja, ambaye siku zote huketi amejikunja kama mwenye baridi, yakishuka, na vidole vilivyokuwa vimeiminya kalamu vikalegea.

Jambo hili limepimwa pia. Mwaka 1991, mtafiti Roger Ulrich na wenzake huko Marekani walichapisha utafiti ambamo watu 120 walioneshwa kwanza filamu ya ajali za kazini, kisha video za mandhari ya asili au za mjini. Walioangalia mandhari ya asili walitulia haraka zaidi, na vipimo vya mkazo wa misuli na vya jasho la ngozi vilithibitisha hivyo. Mimi huongeza pumzi: wanavuta kwa hesabu ya 4 na kutoa kwa hesabu ya 6, kwa kuwa pumzi inayotoka polepole hupunguza kasi ya mapigo ya moyo.

Mzazi au mwalimu anayetaka kujaribu aipakue video mapema na akae aitazame pamoja na watoto. Ukimwachia kijana simu, video moja itaita nyingine, matangazo yataingia, na saa ya kulala itapita. Na kama mwanafunzi hapati usingizi kwa wiki nzima, au anasema maisha hayana maana, weka video kando, mpeleke siku hiyo hiyo kwa mshauri au hospitalini.

Kosa langu kubwa lilikuwa kudhani kwamba maji humtuliza kila mtu. Nilipoonesha mto ukiporomoka kwenye miamba, msichana mmoja alitoka nje akilia, nami sikujua kuwa kaka yake alichukuliwa na mto. Nilimfuata, nikakaa naye barazani mpaka kengele ya kulala, na tangu siku hiyo huwauliza kwanza. Wiki iliyofuata nilimwomba yeye achague.

“Madam, naomba ya ng’ombe akicheua zizini, kama kwa bibi.”

Niliirekodi kwa jirani Jumamosi hiyo, nayo ndiyo wanayoiomba zaidi.